Visu Vitatu vya Safari ya Visima

Simu ya binti yake ililia siku isiyokuwa yake, na ndiyo maana Mashoto aliipokea mikono ikiwa bado na sabuni. Kwa kawaida binti alipiga mwisho wa mwezi. Aliuliza mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: baba hujambo, unakula, dawa umemeza, haya basi tutaongea. Mashoto alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kabla hajapata la kuongeza, simu ilishakatika. Safari hii ilikuwa katikati ya mwezi, asubuhi, vyombo vingali majini.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Haumwi mtu. Nimepata kazi kwa wachimba visima. Tutakuwa tunahama hama, tunalala kwenye mahema, tunapika wenyewe. Nataka visu, baba. Vitatu tu, visizidi, maana kila mtu karuhusiwa begi moja. Viwe vya kupikia na vya kazi za nje, kukata kamba, kuchonga vigingi, mambo kama hayo. Nikinunua mwenyewe mipini inachomoka. Nichagulie wewe."

Mashoto alijifuta sabuni kwenye suruali.

"Nitakuchagulia."

"Jumamosi ijayo gari letu linapita huko. Nitashuka mara moja nivichukue."

Simu ilipokatika, Mashoto alibaki ameishika sikioni kama mtu anayesubiri chenji. Kwa miaka yote tangu binti aondoke nyumbani, hakuwahi kumwomba kitu. Hakuomba nauli, wala ushauri, wala radhi. Sasa alikuwa ameomba visu, na kama kuna kitu kimoja duniani ambacho Mashoto aliamini anakijua, ni kisu.

Jina hilo la Mashoto lilimpata buchani. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na wateja waliosimama upande wa pili wa meza walizoea kumwona akikata nyama kinyume na wauza nyama wenzake, upesi, vipande vikitoka sawasawa kana kwamba vimepimwa kwa rula. Alikuwa na maneno pia. Mteja akilalamika mifupa imezidi, aliambiwa ng'ombe wa siku hizi wamekataa kuzaliwa bila mifupa. Watu walikuja kununua nyama na kuchukua kicheko kama nyongeza. Lakini bucha ilishafungwa, mgongo ulishakataa kubeba mapaja ya ng'ombe, na mke wake alikuwa kaburini mwaka wa nne. Kicheko hakikuwa na pa kwenda. Nyumbani Mashoto alibishana na redio, na redio haikumjibu hata alipokuwa na haki.

Chumba cha kulala, sebule, na jiko lenye dirisha la kutazama ukuta wa jirani, ndiyo nyumba yote. Alikula amesimama, maana kuketi mezani peke yake kulimfanya aone viti. Mkate alinunua nusu, na nusu hiyo iliota ukungu kabla hajaimaliza. Na visu je? Visu vilikuwa tele. Droo ya jikoni ilijaa, sanduku chini ya kitanda lilijaa, na vingine vilining'inia ukutani kwa mpangilio wa urefu. Kinywa kimoja, visu vya kulisha harusi! Kila Jumapili alivishusha, akavinoa vyote, akavifuta mafuta, akavirudisha. Havikuwa vimekata kitu wiki nzima isipokuwa kitunguu.

Binti aliondoka kwa sababu ya visu hivyo hivyo, ingawa Mashoto hakuwahi kuliweka jambo hilo kwa maneno. Alipomaliza shule alikuja kumsaidia buchani, na Mashoto alifurahi mno, akaona urithi umepata mwenyewe. Kumbe binti hakujua kukata. Kila kipande kilianza vizuri juu kikaishia pembeni chini. Nyama ya mchuzi ilitoka kama vigae vya paa. Baba akamfundisha, akamfundisha tena, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno, akampa jina: Bibi Mteremko. Wateja wakalidaka. "Leo nani anakata, wewe au Bibi Mteremko?" Wote walicheka, na Mashoto alicheka kuliko wote. Asubuhi moja binti hakuja kazini. Alikuwa ameshapanda basi.

"Kachukua mkono wa mama yake," Mashoto alizoea kuwaambia watu. Kwa sababu mkewe naye, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo. Alipika chakula cha kumfanya mtu alambe kidole, lakini mkate ukiwekwa mbele yake na kisu, aliuharibu. Wageni wakija aliuleta mzima kwenye sinia na kusema, "Kata wewe, baba nanii," na Mashoto alijipiga kifua, akakata, akatania. Mara moja moja mke alinunua kisu kipya sokoni, na siku chache za mwanzo alikata vizuri tu, akafurahi kama mtoto. Mashoto alipokiona alisema, "Hiki ni butu, mke wangu, wewe unapenda visu butu," akakitia makali siku hiyo hiyo. Mkate ukarudi kwenye mteremko wake.

Basi Jumapili ile alitandaza gazeti juu ya meza na kumwaga visu vyote. Kazi ya kwanza ilikuwa kukataa. Kisu cha kukunja alikiweka pembeni, maana mchanga ukiingia kwenye bawaba utakikuta hakifunguki siku ya haja. Kile cha meno meno cha kukatia mikate nacho akakikataa, kwa kuwa hakinoleki na kina kazi moja tu. Vilivyoingizwa mpinini kwa inchi moja ya chuma akavitenga vyote, hata vile vizuri. Alitaka kisu ambacho chuma chake kinapita mpini mzima hadi mwisho, kimekazwa kwa misumari mitatu, kisichoweza kuchomoka hata ukipigilia kigingi kwa kisigino chake.

Cha kwanza hakikumsumbua. Kilikuwa kidogo, urefu wa kidole cha kati, cha kumenya na kutoa macho ya viazi na kukata uzi. Cha tatu pia hakikumsumbua: kifupi, kinene mgongoni, kizito, cha kuchonga vigingi na kupasua kuni ndogo, chenye ala ya ngozi ya kufunga mkandani. Panga na shoka hakuvihesabu, maana timu haikosi vyake. Ugomvi ulikuwa kwenye cha pili, kile cha katikati, ambacho mtu hukishika kila siku kwa nyama, mboga na kamba.

Hapo palikuwa na viwili. Kimoja kilikuwa cheusi, kimefuliwa na mhunzi kutokana na msumeno wa zamani, sura yake mbaya, lakini ukikinoa leo kinapata hadi usahau ulikinoa lini. Cha pili kilikuwa cheupe, king'aavu, mpini wa mbao nyekundu, cha kumtamanisha bibi harusi. Chuma chake kilikuwa laini. Kingekata vizuri wiki mbili tatu, kisha kingelegea na kutaka jiwe.

Mashoto alikitazama cheusi, akakitazama cheupe. Akili yake ikamwambia cheusi. Kitu kingine ndani yake kikamnong'oneza kwamba kisu kikilegea lazima kirudi kwa mnoaji, na mwenye kisu atakuja nacho. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, si ndiyo? Akakisogeza cheupe kwa wenzake wawili, akakirudisha cheusi sandukuni, na akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza, "Kinapendeza zaidi."

Siku mbili alinoa. Alikishika kisu kwa mkono wa kushoto kama siku zote, akausugua upande mmoja wa ubapa juu ya jiwe kwa muda mrefu, kisha akakigeuza na kuupangusa upande wa pili kidogo tu, kuondoa unyuzi wa chuma unaobaki kwenye makali. Ndivyo alivyonoa tangu ujana wake. Visu vilitoka vinanyoa nywele za mkono.

Siku ya tatu jirani yake, fundi cherehani wa nyumba ya ng'ambo, alikuja na mkasi wake unolewe. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko, na mmoja wa watu wachache waliothubutu kumjibu Mashoto kwa sarafu yake mwenyewe.

"Leo umependeza, mzee. Unaoa?"

"Naoza," alisema Mashoto. "Hivi visu vinakwenda kwa binti yangu. Kaniomba mwenyewe. Hebu kamata hiki, ukate mkate huo, uone kazi ya mikono ya watu."

Fundi akapokea kile cheupe na kukata. Kipande kilianza kinene kikaishia chembamba. Akakata cha pili, hali ile ile. Mashoto akaangua kicheko.

"Na wewe! Kumbe Bibi Mteremko wapo wengi!"

Fundi hakucheka. Alikata cha tatu polepole, akikodoa macho kama anayetunga uzi kwenye sindano, kisha akainua kisu na kukitazama kutokea nchani.

"Mzee, hiki kisu kinakimbia."

"Kinakimbia kwenda wapi? Mkono wako ndio unakimbia."

"Mkono wangu unakata suti, mzee, usinitanie. Njoo utazame. Huku kimelala kama paa, huku kimesimama kama ukuta. Hiki ni kisu cha mtu wa shoto. Mimi kwangu kazini tulikuwa na fundi wa shoto. Akichukua mkasi wangu, kitambaa kinatafunwa. Nikichukua wake, nami natafuna. Akanunua wa kwake, ukaisha ugomvi. Wewe umejinolea mwenyewe."

"Nimenoa visu maisha yangu yote, mama."

"Ndiyo. Kwa mkono wako."

Alikwenda zake akimwachia mkasi na vile vipande vitatu vya mkate. Mashoto alinuna. Nani amfundishe Mashoto kisu? Nyani haoni kundule, na huyu nyani hakugeuza shingo upesi. Mwishowe alikichukua kisu kwa mkono wa kulia. Hakuwahi kufanya hivyo, na kilikaa vibaya kiganjani. Akakata, kikateremka. Akasema ni kwa sababu mkono hauna mazoea, akakikandamiza, akakinyoosha kwa nguvu, na bado kilimvuta kando. Akatoa kisu kingine ukutani, na kingine kwenye droo. Vyote vilikuwa na paa upande mmoja na ukuta upande wa pili. Hakikuwamo kisu hata kimoja ndani ya nyumba ile ambacho mtu wa mkono wa kulia angeweza kukatia mkate ukanyooka.

Akaketi mezani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Aliwaza habari ya mkewe na visu vyake vipya vya sokoni, jinsi alivyokata vizuri siku tatu nne, na jinsi yeye mwenyewe alivyovichukua na kuvitia makali kwa mapenzi. Aliwaza bucha imejaa watu na mtoto wake akikaza meno ili kipande kinyooke. Aliona haya, haya ya mtu mzima, ile inayowaka masikioni hata kama chumbani hamna mtu.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa alivinoa upya. Alilazimika kuula upande wa pili wa chuma hadi makali yahamie katikati, na mkono wake wa kushoto kila mara ulitaka kurudi kwenye njia yake ya zamani. Maji ya kunolea yakawa meusi, vidole vikachubuka. Kila alipodhani amefika, alikata karatasi kwa mkono wa kulia, na karatasi ikamwambia bado. Ijumaa jioni alikichukua kile cheupe, akakigeuza geuza, mpini wake mwekundu ukimng'alia. Kisha akafungua sanduku na kukitoa cheusi, kile kisicholegea. Akakinoa hicho pande zote mbili sawasawa, na cheupe akakirudisha chini ya kitanda. Alijisikia kama mtu aliyefunga mlango akiwa nje.

Jumamosi gari lilisimama mbele ya nyumba, limebeba mabomba juu ya paa. Binti akashuka. Alikuwa amekomaa, amevaa buti, nywele amezifunga kwa kitambaa, na alimwamkia baba yake akiwa bado mlangoni kama mgeni.

"Ingia, mwanangu. Huingii?"

"Naingia mara moja, baba. Dereva kasema tusichelewe."

Mashoto alikuwa ametayarisha hotuba. Alikuwa ameitengeneza tangu Jumatano, ina mwanzo na katikati, na ndani yake kulikuwa na mizaha miwili ya kulainisha. Yote ikamtoka akilini. Alimpa kisu cheusi na kumsogezea mkate.

"Kata."

Uso wa binti ulijifunga. "Baba, tafadhali. Sijaja kwa hayo."

"Kata tu, nakuomba."

Alikata kwa haraka ya mtu anayetaka jambo liishe. Kipande kikaanguka, kimenyooka kutoka juu hadi chini. Akakata kingine. Akavitazama.

"Siku hizi nakata vizuri," alisema, kwa kujihami kidogo. "Nilijifunza huko nilikokwenda."

"Hukujifunza. Ulikuwa unajua." Mashoto alichukua kisu cha zamani kutoka ukutani, akakiweka karibu na kile cheusi, ncha zikimwelekea binti. "Tazama hiki, kisha tazama hicho. Hivi nilivyokuwa nikikupa vilikuwa vya mkono wangu mimi. Hakuna ambaye angevinyoosha. Mwanangu, haikuwa wewe. Ilikuwa mimi, na nilicheka."

Binti aliinama, akatazama ncha ya kwanza, akatazama ya pili. Nje mtu alikuwa akizungumza na dereva habari za barabara.

"Na mama?"

"Mama yako naye. Vyote vya nyumba hii nilinoa mimi."

Binti alivuta kiti akaketi. Alipozungumza, hakumtazama baba yake.

"Siku ile naondoka, mama alinisindikiza hadi kwenye basi. Aliniomba msamaha, baba. Alisema amenirithisha mkono mbaya. Alilia pale stendi, mbele za watu, ananiomba nimsamehe kwa mkono."

Mashoto hakujua habari hiyo. Machozi yakamtoka bila kupiga hodi, akayaacha. Hakuwa na mzaha hata mmoja uliobaki. Binti hakumbembeleza, wala hakuinuka kuondoka.

Honi ililia nje.

"Nifundishe kunoa," binti alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Vikilegea huko, sitaki mtu mwingine aninolee."

Mashoto alielewa alichokuwa akiombwa. Mtu anayejua kunoa hamrudii mnoaji. Angeweza kusema kazi hii haifundishiki kwa haraka, uje siku nyingine ukae wiki nzima. Sentensi ilifika hadi kwenye ulimi. Badala yake akaleta jiwe dogo na bakuli la maji, akasimama nyuma ya kiti chake, akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto.

"Kilaze hivi. Usikiinue sana, acha nafasi ya sarafu mbili chini ya mgongo wake. Sukuma kama unayetaka kulimenya jiwe. Sasa geuza. Idadi ile ile, nguvu ile ile, usipendelee upande. Sikiliza. Kikikwaruza umekiinua, kikinong'ona umepatia."

Jiwe likakwaruza, likakwaruza, kisha likaanza kunong'ona. Binti alikuwa mwepesi wa kujifunza. Mashoto alitamani angekuwa mzito kidogo tu, achanganye pande, aulize tena. Hakuuliza tena. Alikijaribu kisu kwenye karatasi, karatasi ikagawanyika bila sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, si kwa baba yake hasa, bali kwa karatasi.

Mashoto alimfungia visu vitatu kwenye kitambaa kinene, na jiwe akalifunga peke yake.

"Na jiwe? Si lako?" binti aliuliza.

"Chukua. Mimi ninalo kubwa."

Alivitia begini, akavuta zipu, akaaga kwa heshima, kama anayeaga mkwe. Honi ililia mara ya pili, ndefu.

"Ahsante, baba." Kisha, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo, akaongeza, "Basi sitakusumbua tena kwa habari za visu."

"Nisumbue," Mashoto alisema.

Binti aligeuka mlangoni. "Baba, gari linanisubiri."

"Nalisikia. Nenda, mwanangu, usichelewe. Lakini unisumbue."